Namna ya kumjua mgombea anayeomba kazi asiyoiamini

Hii ni kwa ndugu zangu mlioko Marekani ambao mshapata uraia na mnapiga kura. Kwetu mgombea anakuahidi maji na lami hata kama hana mpango wa kuleta, ila huku kuna wa aina nyingine, anasimama jukwaani anakwambia serikali ni hasara tupu halafu hapohapo anakuomba umpe aiendeshe. Sawa na mtu anaomba udereva wa daladala huku anasema abiria watembee tu.

Maneno haya yana mizizi. Rais Reagan alipoapishwa Januari 1981 alisema serikali siyo suluhisho, serikali ndiyo tatizo. Alianza kwa kusema "katika mgogoro huu wa sasa", lakini waliomfuata wakakata hicho kipande wakabaki na utamu wake.

Sasa utamjuaje? Mwambie ataje anachotaka kufuta, na kazi zake atazifanya nani. Hapa ndo wengi wanaanguka. Rick Perry akiwa gavana wa Texas aliutafuta urais, kwenye mdahalo wa Novemba 2011 akasema atafuta wizara tatu, akataja ya Biashara, akataja ya Elimu, ya tatu ikamtoka kichwani, kahangaika pale mbele ya kamera mpaka akaishia kusema "oops". Ilikuwa ya Nishati. Mwaka 2017 Trump akampa wizara hiyohiyo! Na kwenye kikao cha kuthibitishwa akakiri kwamba baada ya kuelezwa kazi zake anajuta kusema ifutwe, maana pale ndo wanatunza silaha za nyuklia za nchi nzima. Yaani jamaa alitaka kuvunja nyumba hajaingia hata sebuleni.

Kama alishawahi kushika cheo, tazama alichoacha. Kansas, gavana Sam Brownback alipunguza kodi sana 2012 akisema uchumi utapaa, pesa zikapungua hazina, 2015 kuna shule zilifunga mapema kwa ukata, na 2017 bunge lililojaa watu wa chama chake mwenyewe likazirudisha kodi licha ya veto yake, yaani yeye alikataa kusaini wao wakampiku kwa kura.

Angalia na mshahara. Sehemu ya shughuli za serikali zilipofungwa siku 35 kwa kukosa bajeti, Desemba 2018 hadi Januari 2019, watumishi kama laki nane hawakulipwa kwa wakati, ila wabunge mishahara yao iliingia kama kawaida, japo baadhi yao walisema hawataupokea au wataugawa. Basi uliza wako alifanya nini.

Ila tusionee watu jamani. Anayekuja na orodha, ofisi hii inarudia kazi ya ile, tuziunganishe, huyo msikilize, anaijua kazi anayoiomba.

Na kama ni mbunge tayari, pima kwa simu. Kila mbunge wa Congress ana ofisi jimboni inayosaidia wapiga kura waliokwama na idara za serikali, pasipoti, pensheni, karatasi za uhamiaji. Kama faili la mama limelala miezi, piga, watakupa fomu ya ruhusa usaini ndipo waulizie. Hata anayetukana serikali kila Jumapili kwenye TV anayo hiyo ofisi, na wafanyakazi wake wanalipwa na serikali.