Umemaliza kampasi unataka kujitolea mwaka mmoja? Anza hivi

Kama umevaa joho juzi na unafikiria kutoa mwaka mzima kujitolea hapa Uganda, kabla hujatafuta shirika kaa chini ujiulize nani atakulipia kodi na chakula. Nimeona vijana wazuri sana wanarudi Kampala baada ya miezi michache, na si eti moyo wa kazi uliisha, ni landlodi aligonga mlango na hawakuwa wamekubaliana na mtu yeyote kuhusu hela. Kwa hiyo mwambie mzazi wako ukweli mapema maana yeye amelipa karo miaka yote na anangoja uanze kusaidia wadogo zako, msikilize, halafu mkubaliane ni nini atasaidia na nini hatasaidia.

Nafasi zenyewe zipo. UNV, wale wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa, wanachukua pia Waganda kufanya kazi hapa hapa nyumbani na wanatoa alawansi ya kujikimu kila mwezi, ukiwa na miaka 18 hadi 26 unaangalia nafasi za vijana, unajiandikisha kwa mtandao wao na hawachaji hata shilingi. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii nayo ina mpango wa kujitolea wa wahitimu, fuatilia matangazo yao. Msalaba Mwekundu una matawi wilayani, huo ni mzuri kama unataka kubaki karibu na kwenu lakini usiende ukitarajia mshahara. Teach For Uganda wanapeleka wahitimu kufundisha shule za msingi za vijijini, ila hiyo ni miaka miwili, kama nia yako ni mmoja tu tafadhali waachie wengine, watoto wa P3, darasa la tatu, wakishakuzoea kuwaacha katikati ni kuwaumiza.

Na mtu yeyote akikuomba pesa ya fomu au ya "kukupangia nafasi", huyo achana naye hapo hapo.

Sasa wewe unayesoma hii una kitu ambacho wahitimu wengi hapa hawana, unajua Kiswahili. Nenda makambi ya wakimbizi kama Nakivale kule Isingiro, Kyaka II au Kyangwali, kuna Wakongo wengi sana na Kiswahili ndicho wanachokimbilia. Mama amefika senta ya afya na mtoto ana homa, nesi anaongea Kiingereza na Runyankore, mama anaongea Kiswahili cha Kivu, mtu wa katikati ni wewe. Hapo kuna namna ya kufanya. Tafsiri kila kitu, usifupishe, mama akisema "mtoto alitapika usiku, kisha akalala, sasa macho yanageuka" usimwambie nesi "anatapika" tu, hayo macho ndiyo yanaweza kuokoa mtoto. Kama hujaelewa neno muulize mama tena bila aibu, Kiswahili cha Kongo si cha Mombasa. Na ulichosikia mle ndani kisitoke nje, hata kwa rafiki unayelala naye chumba kimoja.

Lakini huwezi kuingia kambini na begi lako tu. Kambi ziko chini ya ofisi ya Waziri Mkuu, OPM, na ruhusa inapitia shirika linalokuchukua, waulize wameishughulikia kabla hujapanda basi la Mbarara. Beba kitambulisho cha taifa, fotokopi za transkripti, na barua ya LC1, yaani mwenyekiti wa kijiji, wa kwenu. Neti ya mbu usisahau.

Kabla ya kuripoti omba karatasi yenye saini, hata ukurasa mmoja: kazi yako ni ipi, saa ngapi kwa siku, bosi wako ni nani, alawansi ni kiasi gani na inaingia mobile money tarehe gani, ukiugua nani anagharamia, nauli ya boda ya kazini ni ya nani. Wakikujibu "tutaona ukifika", mimi nakushauri usiende. Shirika linalokuheshimu litaandika.

Ukishafika, wiki za kwanza usilete mipango yako mikubwa. Salimia mwenyekiti, salimia wazee, kula posho (ugali) na maharage na wenzako, uliza watu walikuwa wanafanyaje kabla yako, na kila jioni andika kwenye daftari ulichofanya na namba zake, watoto wangapi, kina mama wangapi, maana ripoti ya mwezi na sivii yako vyote vitatoka humo.

Ikibaki miezi mitatu hivi anza kumfundisha mtu wa pale pale kazi yako, afanye yeye wewe ukikaa pembeni. Na barua ya kukupendekeza iombe bosi wako akiwa bado yuko ofisini, kwenye miradi watu wanahamishwa ghafla na mgeni atakayekuja hatajua ulifanya nini.