Jinsi ya kujua kama faili ni picha kweli kwenye Java, jina lake lisikudanganye

Juzi nilikuwa napitia logi za mfumo mmoja wa kupokea picha za pasipoti za wanafunzi, nakuta NullPointerException zimejaa hadi basi, na mstari unaolalamika ni ule wa getWidth(). Faili lenyewe linaitwa picha.jpg. Nikalifungua kwa notepad, herufi za kwanza kabisa: %PDF. Yaani mtu kaskani cheti, kaona fomu inakataa pdf, kabadili jina tu basi. Na aliyeandika endsWith(".jpg") ni mimi mwenyewe, sina wa kumlaumu.

Kwa hiyo jina la faili liache kabisa, halithibitishi chochote. Files.probeContentType, ile ya Java inayokisia aina ya faili, nayo usiiegemee, mara nyingi inaangalia hilo hilo jina.

Wengine wanasoma baiti za mwanzo. Kwa heksadesimali, PNG huanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A, JPEG na FF D8 FF, GIF na maneno GIF87a au GIF89a. Njia hii ni ya haraka na inafaa kuchuja takataka za wazi, ila kuna mtego: byte ya Java inaanzia -128 inaishia 127, kwahiyo ile FF inakaa kama -1, na ukiandika b[0] == 0xFF utapata false mpaka kesho. Andika (b[0] & 0xFF) == 0xFF. Mimi hapo nilipoteza jioni nzima, nikidhani faili ndio bovu.

Tatizo lingine, baiti za mwanzo zinakwambia faili limeanza kama picha, hazikwambii limeisha kama picha. Bando likikata katikati ya kupakia, kichwa kipo mwili haupo. Uhakika ni kulifungua lote, na hiyo kazi ImageIO, darasa la picha lililomo ndani ya Java, anaiweza bila laibrari ya ziada. Watu wengi huandika ImageIO.read(faili) ndani ya try wakisubiri eksepsheni, kumbe asipoitambua aina ya faili harushi kitu, anarudisha null kimya kimya. Ndio ile null iliyoniumbua mimi.

Lakini usikimbilie read. PNG nyeupe tupu ya pikseli 20,000 kwa 20,000 kwenye diski ni kifaili kidogo tu, ukiifungua kwa baiti 4 kila pikseli inataka kama GB 1.6 za memori, seva inakata roho. Pima ukubwa kwanza, maana getWidth na getHeight za ImageReader zinaweza kukupa vipimo kabla picha yote haijafunguliwa:

```java
static boolean niPicha(File faili) {
    try (ImageInputStream in = ImageIO.createImageInputStream(faili)) {
        if (in == null) return false;
        Iterator<ImageReader> wasomaji = ImageIO.getImageReaders(in);
        if (!wasomaji.hasNext()) return false;
        ImageReader msomaji = wasomaji.next();
        try {
            msomaji.setInput(in);
            long pikseli = (long) msomaji.getWidth(0) * msomaji.getHeight(0);
            if (pikseli > 40_000_000L) return false;
            return msomaji.read(0) != null;
        } finally {
            msomaji.dispose();
        }
    } catch (IOException | RuntimeException e) {
        return false;
    }
}
```

Hiyo (long) usiitoe, int ikifurika namba inageuka hasi na kizuizi chako kinapitwa hivi hivi. RuntimeException nimeiweka makusudi, faili lililoharibika linaweza kurusha hata IllegalArgumentException. Milioni 40 ni chaguo langu, picha ya simu ya 4000 kwa 3000 ni milioni 12 tu.

Sasa false hapo haimaanishi "sio picha", inamaanisha Java hii haijaweza. Yenyewe inajua JPEG, PNG, GIF, BMP na WBMP, TIFF imeongezwa Java 9. WebP haimo, ukiitaka weka plagini ya TwelveMonkeys. HEIC ya iPhone nayo haimo, na JPEG ya CMYK (rangi za uchapishaji) kutoka kwa watu wa mabango huwa inagoma pia. Kwahiyo ujumbe wa mtumiaji uwe "aina hii hatupokei, tuma JPG au PNG", usimwambie mtu sura yake sio picha 😂

JPEG iliyokatika ni kesi ya peke yake, inaweza kufunguka bila kelele ila nusu ya chini iko kijivu. Kabla ya read weka addIIOReadWarningListener, onyo lolote likija likatae faili.

Na kama picha utazionyesha kwa watu wengine, usihifadhi faili alilotuma mtu, iandike upya na ImageIO.write, vitu vilivyopachikwa mkiani mwa faili vinabaki kwenye faili la zamani. Ila taarifa za EXIF, zile kamera inazoziandika ndani ya picha, nazo zinapotea, pamoja na ile ya mwelekeo, kwahiyo soma mwelekeo kwanza uizungushe picha ndio uandike, la sivyo picha za simu zitatokea zimelala ubavu.