Mwalimu, sauti yako ifike Ijumaa: kuimbisha darasa bila kukauka koo

Walimu wenzangu, poleni na kazi. Mwaka wangu wa kwanza darasa la pili, kila ikifika Alhamisi sauti imenipwelea. Watoto zaidi ya 80, juu bati, mvua ikinyesha ndiyo kabisa. Nikasingizia chaki. Vumbi lake linachangia kweli, ila kosa kubwa lilikuwa langu: nilikuwa naimba nao mwanzo hadi mwisho, tena kwa nguvu kuwashinda.

Hatua ya 1: Maji. Kunywa kidogo kidogo tangu asubuhi. Maji hayapiti kwenye nyuzi za sauti (zile zinazotetemeka kooni ukiongea), yangepita ungepaliwa. Hulowanisha koo tu. Nyuzi hupata unyevu wake kutoka mwilini, ndiyo maana usisubiri koo likauke.

Hatua ya 2: Pasha sauti, dakika 3. Legeza midomo, toa "brrrr" kama mtoto anayesukuma gari lake la makopo, ukipanda na kushuka. Kisha "mmm", mpaka pua itekenyeke.

Hatua ya 3: Kuanzisha wimbo. Hapa ndipo tunapoharibu. Wengi tunaanzishia chini, panapotufaa sisi. Mtoto wa miaka 7 hafiki huko, kwa hiyo ananguruma au anapiga kelele tu. Anzisha juu kidogo ya pale unapoongelea. Kisha tazama shingo zao: mishipa ikisimama, umepandisha mno au wanashindana kupaza. Simamisha, anza upya, waambie waimbe kama wanambembeleza mtoto mchanga.

Ukishaanzisha, imba mstari mmoja, nyamaza. Kiitikio ni chao. Ukinyamaza ndipo unasikia nani kapotea, na koo lako linapumzika kila baada ya mstari.

Hatua ya 4: Acha kupiga kelele kuwanyamazisha. Piga makofi, pa-pa-papapa, wao wajibu vilevile. Baada ya wiki moja hivi wanazoea.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni mwanaume, sauti yangu besi. Watoto wakinifuata wananguruma. Nifanyeje?*
Kaka, sauti zao kwa kawaida ziko oktava moja juu yako, yaani kama kutoka do ya chini hadi do ya juu. Mchague mtoto mwenye sauti iliyotulia aanzishe yeye, au waonyeshe mstari mmoja kwa sauti yako nyembamba.

*Sauti ikishakauka, ninong'one?*
Hapana, dada. Kunong'ona kwa kulazimisha kunaweza kuzichosha nyuzi zaidi. Ongea polepole kwa sauti ya chini, au siku hiyo wape kazi ya kuandika. Na ile tabia ya kujikoholesha ili kusafisha koo, iache, meza mate.

*Tangawizi na limau je?*
Kikombe cha moto kinatuliza, mimi mwenyewe nakunywa. Lakini hakitibu nyuzi. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaziangalie. Ukikohoa damu au ukipumua kwa shida, nenda siku hiyohiyo. Vinundu vya kwenye nyuzi vikiwahiwa, mara nyingi hupungua kwa kujifunza upya kutumia sauti, bila upasuaji.