Namna ya Kuondoa Kidhibiti cha Mafuta cha Ziada kwenye Nyaya za Injini

Magari mengi yanayoshushwa Bandari ya Malindi, Unguja, kutoka Japani yamekwisha kutumika, na baadhi yake, hasa yenye tabo (turbo, feni inayoisukumia injini hewa zaidi), huja na kiboksi kidogo kilichofungwa na mwenye gari wa kwanza ili arekebishe mafuta apendavyo. A'PEXi Super AFC na GReddy e-Manage ni miongoni mwa vinavyojulikana zaidi. Kiboksi hicho huidanganya kompyuta ya injini: hupokea ishara ya umeme kutoka sensa ya hewa, huipandisha au huishusha, kisha huipeleka kwenye kompyuta, nayo hupima mafuta kwa hesabu iliyokwisha kubadilishwa. Kikizeeka, kikiingia maji, au pasipobaki mtu anayejua kilipangwa vipi, ni bora kitolewe.

Uchunguzi wa mwanzo uanzie kwenye injekta, yaani pua zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini. Iwapo aliyekifunga aliweka pia injekta kubwa zaidi, au alipandisha shinikizo la tabo, basi huenda kiboksi ndicho kinachoinusuru injini. Ukikiondoa huku injekta kubwa zingalipo, mafuta yatazidi, moshi utakuwa mweusi na plagi zitajaa masizi. Na ukikiondoa huku shinikizo la tabo lingali juu, mafuta yanaweza kupungua, injini ikagonga na pistoni zikatoboka. Linganisha namba zilizoandikwa kwenye injekta na zile za injekta za kiwandani za injini hiyo hiyo, na usiendelee mpaka upate jawabu. Fundi anayekwambia kwamba kompyuta itajizoesha yenyewe ana haraka ya kufunga gereji, kwani kompyuta ya kiwandani hurekebisha tofauti ndogo tu.

Ukisharidhika, zima gari, toa waya wa hasi wa betri na ungoje dakika chache. Katika Toyota nyingi kompyuta ipo nyuma ya kisanduku cha dashibodi kilicho mbele ya abiria. Katika Subaru Impreza za miaka ya 1990 ipo chini ya zulia la upande huo huo, mahali ambapo maji ya masika hupenda kutuama ikiwa mpira wa mlango umechoka. Soketi za njano chini ya dashibodi kwa kawaida ni za mifuko ya hewa, nazo ziache kama zilivyo. Piga picha kila kitu kwa simu kabla ya kukata hata tepu moja, na kila waya wa kiboksi uufungie kipande cha tepu ya karatasi chenye maandishi ya unakokwenda. Usitegemee rangi peke yake, kwani mafundi huunga kwa waya wowote walio nao.

Nyaya za kiboksi ni za aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Nyingi zimedandia tu: wa umeme wa swichi, wa ethi (unaofungwa kwenye bodi), wa mizunguko ya injini na wa sensa ya kikanyagio cha mafuta. Hizo zikitolewa, waya wa gari hubaki mzima. Waya wa ishara ya hewa, kwa upande mwingine, ulikatwa kabisa. Ncha inayotoka kwenye sensa huingia katika kiboksi, na ncha inayokwenda kwenye kompyuta hutoka humo. Ndiyo maana gari ambalo kiboksi chake kimechomolewa tu huwaka kisha likazima, au haliwaki kabisa. Ncha hizo mbili lazima ziunganishwe tena.

Kuzitambua kunahitaji multimeta. Chomoa soketi ya sensa na ya kompyuta, kisha pima mwendelezo (kama umeme unapita bila kukatika) kutoka kila ncha hadi pini yake kwa kufuata mchoro wa nyaya wa gari hilo. Testa ya balbu isitumike hapa, kwa sababu huvuta umeme mwingi kuliko saketi za kompyuta zinavyostahimili.

Chubua ncha hizo mpaka uone shaba inayong'aa. Kwa hewa yetu ya chumvi, mara nyingi utakuta shaba imegeuka kijani au nyeusi ndani ya plastiki, nayo haishiki risasi ya kuungia. Kata nyuma kidogo kidogo hadi ufike palipo safi, na pakiwa pafupi ongeza kipande cha waya wa unene ule ule. Pitisha kwanza mrija wa plastiki unaonywea kwa joto, sokota nyuzi pamoja, pasha moto shaba yenyewe mpaka iyayushe risasi, kisha vuta mrija juu ya kiungo na uupashe. Kusokota na kuzungushia tepu peke yake hakudumu, gundi yake huyeyuka kwa joto na kiungo huanza kulegea. Palipodandiwa na klipu za kung'ata, kagua nyuzi: zikiwa nzima ziba plastiki, zikiwa zimekatika unga upya vivyo hivyo.

Kabla ya kurudisha soketi, pima tena kutoka pini ya sensa hadi pini ya kompyuta. Usomaji uwe chini ya omu 1, na pasiwe na mawasiliano yoyote na bodi ya gari. Rudisha betri, washa, uache injini ipate moto bila kukanyaga mafuta. Kwa sensa nyingi za hewa za waya wa moto, ishara huwa karibu volti 1 hadi 1.5 injini ikiwa imetulia, nayo hupanda ukiongeza mafuta. Kisha endesha kwa utulivu, mathalani kutoka Mwanakwerekwe hadi Tunguu na kurudi, na kama gari linakubali mashine ya uchunguzi, tazama marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani kiasi ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza mafuta. Yakibaki ndani ya asilimia 10 juu au chini, kazi imekubali. Yakizidi hapo, angalia kwanza kama kuna mpira wa hewa uliopasuka au sensa ya hewa iliyochafuka, ndipo urudi kwenye kiungo.