Mkongwe hapigi, chipukizi anangoja: jinsi ya kubishania kikosi kwa hoja

Katika ubishi wa besiboli kuhusu mkongwe asiyepiga na chipukizi anayengoja nafasi yake, usianze na wastani wa kupiga wa mkongwe, yaani hiti zake (mipira aliyoipiga akafika besi salama) zikigawanywa kwa zamu zake rasmi za kupiga. Ndiyo namba inayoonyeshwa kwenye skrini kila mkongwe anaposhika rungu, na ifikapo katikati ya Mei inauma kuitazama. Lakini fanya hesabu kwanza. Mpigaji ambaye kiwango chake halisi ni .270, yaani hiti 27 kwa zamu 100, katika zamu rasmi 60, yaani kama wiki mbili na nusu za kucheza kila siku, hutarajiwa kupata hiti 16. Akipata 12 yuko .200 na uwanja mzima unamzomea. Tofauti ni hiti nne tu. Kwa bahati peke yake, bila mwili kupungua chochote, mpigaji huyo ataangukia .200 au chini ya hapo karibu mara moja katika kila vipindi saba vya namna hiyo. Kwa hiyo anayekuambia "ana .200, mtoeni" bado hajasema kitu.

Tazama anavyotolewa. Kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu, yaani kukosa mpira au kuuacha mpira mzuri upite hadi mara tatu, hutulia mapema. Zamu 60 hivi tayari zinakupa picha. Besi za bure, anazopewa mrushaji akirusha mipira mibaya minne, zinahitaji zamu kama mara mbili ya hizo. Hiti zenyewe zinaweza kukudanganya msimu mzima, kwa sababu mpira uliopigwa vizuri unaweza kuishia kwenye glovu ya mtu. Tangu 2015 viwanja vyote vya ligi kuu ya Marekani vina mitambo ya Statcast inayopima kasi ya mpira unapotoka kwenye rungu, na mpira wa maili 95 kwa saa au zaidi huhesabiwa kuwa umepigwa kwa nguvu. Mkongwe anayeendelea kuipiga kwa nguvu kama mwaka jana, mwache apige.

Kuna ishara moja ninayoiogopa kuliko zote, na hii unaiona kwa macho yako. Mpigaji aliyeanza kuzeeka huchelewa kwenye mpira wa kasi. Akijua anachelewa, huanza kulisukuma rungu mapema, kabla hajautambua mpira. Hapo ndipo mpira wa kupinda unapommaliza: anapiga hewa juu yake. Katika daftari langu naandika kila zamu kwa maneno machache: mpira gani, alichelewa au aliwahi, ulikwenda upande gani. Nikiona makosa yote mawili kwa mtu mmoja katika wiki moja, faulo (mipira inayotoka nje ya mistari) za kuchelewa kwenye mipira ya kasi na hewa kwenye mipira ya kupinda, moyo wangu huanguka, hata kama wastani wake bado unapendeza. Nikiona moja tu, nasubiri.

David Ortiz wa Boston, mwaka 2009, hakupiga homurani (mpira unaovuka uzio) hata moja hadi Mei 20. Watu walishamzika. Alimaliza msimu na 28, akawa mchezaji bora wa fainali za 2013, na mwaka 2016, akiwa na miaka 40, akapiga 38 ndipo akastaafu. Chris Davis wa Baltimore ni upande wa pili: mwaka 2018 alipiga .168 na kutolewa kwa straiki mara 192, na ukame wake wa zamu 54 bila hiti, uliokatika Aprili 2019, haukuwa bahati mbaya. Zile straiki zilikuwa zimeshasema mapema.

Sasa chipukizi. Namba zake za Triple-A, ngazi iliyo chini tu ya ligi kuu, zisome pamoja na uwanja: Albuquerque iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko mpira unapaa. Swali langu la kwanza ni kama anauacha mpira mbaya upite. La pili, na ndilo mashabiki wengi wanalisahau, ni kama atacheza kila siku. Kumwita kijana aje kukaa benchi, apewe zamu mbili kwa wiki, ni kumharibu. Willie Mays mwaka 1951 alianza na hiti moja katika zamu 26. Meneja wake, Leo Durocher, akaendelea kumpanga, na Mays akamaliza kama chipukizi bora wa ligi.

Kwa hiyo haya ni maswali mawili, kama mkongwe amekwisha na kama kijana yuko tayari, na kila mkongwe ana jibu lake. Timu ya Angels ya 2012 ndiyo mfano ninaoupenda zaidi. Walikuwa wameshinda mechi 6 na kupoteza 14. Albert Pujols, wa mkataba mpya wa dola milioni 240, hakuwa na homurani. Bobby Abreu, miaka 38, naye hapigi. Wakamwachilia Abreu, wakamwita Mike Trout, miaka 20, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amepiga .220 tu katika mechi 40. Pujols wakambakiza. Akapata homurani yake ya kwanza Mei 6 na kumaliza na 30. Trout akapiga .326, homurani 30, besi za kuiba 49.

Zijue pia kanuni, la sivyo utamlaumu meneja bure. Kikosi kina nafasi 26. Mwenye miaka mitano ya utumishi hashushwi ligi za chini bila ridhaa yake, hivyo kumtoa kikosini mara nyingi ni kumpoteza kabisa, wakati kijana atakuwepo hata wiki ijayo. Hoja ya mshahara ikataeni: fedha hizo zitalipwa akicheza au asipocheza.

Kabla ya kudai mkongwe awekwe benchi, dai ashushwe nafasi kwenye mpangilio wa wapigaji. Kila nafasi moja chini hupunguza zamu kama 15 hadi 20 kwa msimu. Kutoka wa tatu hadi wa saba ni zamu sabini hivi kwa mechi 162: kijana anapata pumzi, mkongwe anapata muda.

Kisha weka tarehe, tuseme Juni 15, na mwambie unayebishana naye ni nini kitakachokubadilisha mawazo. Naye aseme chake. Siku hiyo ikifika na mkongwe bado anachelewa kwenye mpira wa kasi, dai chipukizi apangwe kila siku, dhidi ya warushaji wa kulia na wa kushoto, na dai mkongwe aambiwe na meneja ana kwa ana kabla orodha haijabandikwa.