Siku ya kutulia Bagamoyo: anzia Kaole, muziki uwe wa jioni

Ukipata siku moja ya kukaa na mawazo yako, nenda Bagamoyo na uanzie Kaole, penye magofu ya kale, kusini kidogo mwa mji, kabla jua halijawa kali. Bodaboda akitaka kukusubiri, mwambie arudi baadaye. Mtu anayekuhesabia muda hakuachi utulie. Tandika kanga karibu na kaburi lenye nguzo ndefu, utazame vishimo vilivyobaki pale zilipopachikwa bakuli za Kichina. Zima simu, vuta pumzi polepole, waombee wako waliotangulia. Gofu la msikiti lililo jirani ni la karne ya 13, kwa hiyo vaa kwa heshima. Maji beba mwenyewe.

Mchana pita Misheni ya Kikatoliki, iliyoanzishwa 1868. Wengi hupiga picha mnara ambamo mwili wa Livingstone, mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti, ulilazwa mwaka 1874, kisha hao, wameondoka. Mimi naona wa kukumbukwa zaidi ni watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, walioubeba kwa miguu kutoka nchi ambayo leo ni Zambia. Wape dakika zako chache chini ya miembe.

Jioni ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Ulizia mapema kama kuna mazoezi au onyesho, halafu kaa ubavuni mwa wapiga ngoma, si mbele: hapo unaona viganja, na ile ngoma kubwa unaisikia kifuani. Wakati wa tamasha lao la kila mwaka kuna raha yake, ila utulivu sahau.