Betri ya saa ya ukutani kabla hujafunga spika mpya kwenye kigari cha spoti cha zamani

Nimeinamia mlango nusu siku nzima nikijiuliza besi, ile sauti nzito ya mziki, imeenda wapi, kumbe spika moja chanya na hasi zimebadilishana. Waya za zamani zile rangi zimeshafifia, zote kahawia tu, usiziamini. Fanya hivi, chomoa waya mbili za spika pale nyuma ya redio, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha ncha za waya hizo kwenye chanya na hasi ya betri kidogo tu kama sekunde moja huku mwenzako anakodolea macho koni, ile sehemu ya mbele ya spika inayotetemeka, pale mlangoni. Koni ikisukumwa nje basi waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya, ikizama ndani ni kinyume, weka alama na tepu. Spika zikipishana chanya na hasi, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, besi zinauana zenyewe, unabaki na mziki mwembamba kama wa simu hata kama spika ni za bei mbaya. Betri ya gari usiguse kabisa, utaunguza koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika. Kwenye twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba, mbinu hii haifanyi kazi maana nyingi zina kapasita inayozuia umeme wa betri, na hata ikicheza huioni, hapo fuata alama ya kiwandani. Halafu gari nyingine za zamani hasi ya spika imeungwa moja kwa moja kwenye bodi ya chuma ya gari, redio ya kisasa ukiifunga hivyo hivyo unaweza kuiua, bora uvute waya mpya mbili kwa kila spika.